SAA ZA KIBARUA: ZIHESABU, ZIANDIKE, ZILIPE

Ndugu mkulima, mvua ya vuli ikikaribia kila mwenye shamba hutafuta watu wa kumsaidia. Ndivyo ilivyo kwetu Nunguni katika vilima vya Kilungu, na ndivyo ilivyo kwa wenzetu walioshuka kwenda kwenye mashamba ya makazi katika nchi ya chini. Watu wawili hukutana sokoni, wakapatana kwa maneno machache: "Njoo kesho, nitakupa kadha wa kadha kwa siku." Wakapeana mikono, na mapatano yamekwisha.

Lakini hakuna aliyesema kazi yaanza saa ngapi na yaisha saa ngapi. Hakuna aliyesema wakati wa chakula cha mchana ni wa nani. Siku tatu za kwanza huwa salama. Siku ya nne magugu yamezidi, jua lakaribia kuchwa, na mwenye shamba asema, "Tumalize mstari huu." Mstari mmoja huwa mitano. Siku ya malipo ndipo maneno huanza, na mara nyingi maneno hayo hayahusu bei ya siku. Yahusu urefu wa siku.

Mimi ni karani katika ofisi ya kilimo, na kabla ya ukarani nilisomea ualimu. Kwa hiyo nataka mwezi huu tukae pamoja kama darasani, tukajifunze hesabu hii. Si ngumu. Mtu aliyeweza kuhesabu mistari ya mahindi na magunia ya mbaazi hatashindwa na saa za juma. Chukua daftari na kalamu.

KIBARUA NI BARUA NDOGO

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Kibarua ni barua ndogo. Zamani huko pwani mtu aliyefanya kazi ya siku alipewa kikaratasi, na kwa kikaratasi hicho alidai ujira wake. Hatimaye jina la karatasi likawa jina la kazi, na la mtu mwenyewe. Leo tunaye kibarua, lakini ile barua imepotea.

Wazee wetu waliijua karatasi nyingine, nayo haikuwa njema. Sheria ya kuwaandikisha wenyeji ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyekuwa mtu mzima alilazimika kuchukua kipande, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Tajiri ndiye aliyeandika humo siku ya kuajiriwa, mshahara, na siku ya kuachishwa. Mfanyakazi alikibeba, lakini wengi hawakuweza kusoma kilichoandikwa. Hapo twajifunza jambo moja: maandishi ya upande mmoja hayaleti haki. Maandishi mema ni yale ambayo pande zote mbili zimeyasoma na kuyakubali.

Tena Wakamba hatuhitaji kufundishwa na mgeni kwamba kazi ya mtu ina hesabu. Tunayo mwethya. Leo kikundi chachimba kwako, kesho kwangu, kesho kutwa kwa jirani. Hapana fedha inayolipwa, lakini kila mtu ajua ni nani aliyekuja, ni nani aliyechelewa, na zamu ni ya nani. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu wa Wilaya ya Machakos, ambayo wakati ule ilikuwa pamoja na Makueni ya leo, kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko. Watu waliichukia kazi ile ya amri. Lakini katika miaka ya 1950, vikundi vya mwethya vyenye viongozi waliochaguliwa na watu wenyewe viliposhika jembe, matuta mengi sana yalichimbwa, na vilima vyetu mpaka leo vina alama yake. Jembe lilikuwa lile lile na udongo ule ule. Tofauti ni kwamba mtu alijua kazi yake haitapotea bure.

Basi kibarua wa fedha naye ataka kujua hivyo hivyo.

SHERIA YASEMAJE

Sheria ya Ajira ya Kenya ni ya mwaka 2007. Yasema kwamba mwajiri hana budi kupanga saa za kazi, na kwamba mfanyakazi apewe angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Siku hiyo si lazima iwe Jumapili. Msabato aweza kupumzika Jumamosi, Mwislamu aweza kupatana siku nyingine. Muhimu ni kwamba siku iwepo, na ijulikane.

Amri ya jumla ya mishahara nayo yaweka mpaka wa saa. Juma la kawaida la kazi lisizidi saa 52, zilizogawanywa katika siku sita. Kwa mfanyakazi wa usiku mpaka ni saa 60. Saa zinazozidi zile za kawaida hulipwa mara moja na nusu. Saa zinazofanywa siku ya mapumziko au sikukuu ya taifa hulipwa mara mbili. Tena, saa za kawaida na za ziada zikijumlishwa pamoja, zisizidi 116 katika majuma mawili yanayofuatana kwa mtu wa mchana. Kwa hiyo hata kama una fedha za kulipa ziada, hupati ruhusa ya kumfanyisha mtu kazi bila kikomo.

Angalia jambo hili: kazi ya shamba ina amri yake ya mishahara, mbali na ile ya jumla, na kima cha chini hubadilishwa mara kwa mara. Mara nyingi habari za mabadiliko husikika Sikukuu ya Wafanyakazi, tarehe 1 Mei. Kabla hujaweka kima, mwulize afisa wa kazi akusomee kima cha sasa na saa za mashambani. Bei nitakazozitaja hapa chini ni za kujifunzia hesabu tu. Usizichukue kuwa ndizo bei za serikali.

Huenda mtu akauliza kwa nini mambo haya yamechelewa kufika mashambani. Mwaka 1919, mkutano wa kwanza wa Shirika la Kazi la Kimataifa, uliofanyika Washington, ulipitisha mapatano ya saa 8 kwa siku na 48 kwa juma. Lakini mapatano yale yalikuwa ya viwanda. Kiwandani kuna kengele. Shambani kengele yetu ni jua, nalo halipigi kelele likifika saa kumi.

JINSI YA KUZISOMA SAA

Hapa wasomaji wa Kiswahili tuna bahati. Siku yetu yaanza na jua, kwa hiyo kutoa ni rahisi. Mtu aliyeanza saa 1 asubuhi na kuacha saa 10 alasiri, toa 1 katika 10, wapata 9. Amekuwa shambani saa 9.

Taabu ni simu. Simu nyingi huandika saa 1 asubuhi kama 7:00, na saa 10 alasiri kama 4:00 au 16:00. Ukitaka kutoa kwa saa za simu, tumia ile ya 16:00: toa 7 katika 16, wapata 9 vile vile. Lakini usichanganye, ukaandika asubuhi kwa saa ya simu na jioni kwa saa ya Kiswahili. Ukitoa 7 katika 10 utapata 3, na mtu wako atakuwa amepoteza saa 6 kwa sababu ya kalamu. Chagua njia moja, uiandike juu ya daftari, uifuate mwaka mzima.

Jambo la pili ni dakika. Saa ina dakika 60, lakini mashine ya hesabu iliyo katika simu haijui hilo. Ukiandika 1.30 ukidhani ni saa moja na nusu, mashine yasoma saa moja na dakika 18. Andika hivi:

Dakika 15, yaani robo saa: 0.25
Dakika 30, yaani nusu saa: 0.5
Dakika 45, yaani saa kasorobo: 0.75

Saa moja na nusu ni 1.5. Saa mbili na robo ni 2.25. Watoto wako wa shule wajua hesabu hii, waombe wakukumbushe.

MAPUMZIKO NI YA NANI

Mapumziko ya chakula hutolewa katika hesabu ya saa za kazi, ikiwa mlipatana hivyo tangu mwanzo. Lakini sharti yawe mapumziko kweli. Mtu akiweka jembe chini, akanawa mikono, akaenda kivulini au nyumbani, na hapana anayemwita, huo ni wakati wake. Lakini ukimwambia, "Kula hapo hapo karibu na mashine ya maji uiangalie isizimike," au "Kula huku ukiwatazama ng'ombe," hajapumzika. Amekula akiwa kazini, na haki yadai saa ile ihesabiwe.

Kikombe cha uji au chai ya dakika 15 asubuhi, nashauri usikitoe. Mtu aliyekunywa uji hulima vizuri zaidi kuliko anayehesabu tumbo lake. Na katika nchi ya chini, ambako jua la saa saba huchoma, afadhali kazi ianze mapema na mapumziko yawe marefu. Wenye plau ya ng'ombe wajua jambo hili siku nyingi. Huanza saa 12 alfajiri, wakafungua ng'ombe kabla ya jua kuwa kali. Tukimhurumia ng'ombe, na mtu je?

Kuna wakati mwingine unaozua ugomvi, nao ni wakati wa kungoja. Vibarua wamefika saa 1 kama mlivyopatana, lakini mbegu bado zi dukani, au bomba la kupulizia dawa limekwenda kwa jirani. Wakakaa mpaka saa 3. Saa hizo mbili ni za nani? Wao walikuja. Uliyechelewa ni wewe. Zihesabu. Lakini mtu aliyechelewa kwa saa nzima kwa sababu zake, mwandikie saa aliyofika, bila ugomvi. Usimkate nusu siku kwa kuchelewa robo saa. Daftari halina hasira.

HESABU YA JUMA MOJA

Sasa tufanye kazi yenyewe. Tuseme umepatana na mfanyakazi Sh. 480 kwa siku ya saa 8. Gawanya 480 kwa 8. Saa moja ni Sh. 60. Mmepatana Jumatatu hadi Ijumaa kazi yaanza saa 1 asubuhi na kuisha saa 10 alasiri, na saa moja ya chakula. Jumamosi ni saa 1 hadi saa 6 mchana, bila kutoa kitu. Kwa hiyo juma la kawaida ni saa 8 mara 5, yaani 40, na 5 za Jumamosi. Jumla 45. Jumapili ni siku ya kupumzika.

Juma la palizi likaja. Daftari likaonyesha hivi:

Jumatatu: saa 1 hadi saa 10, toa chakula saa 1. Kazi saa 8.
Jumanne: saa 1 hadi saa 12 jioni, toa chakula saa 1. Kazi saa 10. Ziada 2.
Jumatano: saa 1 hadi saa 10, toa chakula saa 1. Kazi saa 8.
Alhamisi: saa 1 hadi saa 11 na nusu, toa chakula saa 1. Kazi saa 9.5. Ziada 1.5.
Ijumaa: saa 1 hadi saa 10, toa chakula saa 1. Kazi saa 8.
Jumamosi: saa 1 hadi saa 6. Kazi saa 5.
Jumapili: saa 2 hadi saa 5 asubuhi, kwa kuwa mvua ilikuwa yaja na ndengu zilikuwa bado nje. Kazi saa 3, siku ya mapumziko.

Gawa saa hizi katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza, saa za kawaida: 45 mara Sh. 60 ni Sh. 2,700.

Fungu la pili, saa za ziada za siku za kazi: 2 na 1.5 ni 3.5. Saa ya ziada ni Sh. 60 mara moja na nusu, yaani Sh. 90. Basi 3.5 mara 90 ni Sh. 315.

Fungu la tatu, saa za siku ya mapumziko: 3. Saa moja ni Sh. 60 mara mbili, yaani Sh. 120. Basi 3 mara 120 ni Sh. 360.

Jumla ya malipo ya juma ni Sh. 3,375. Na jumla ya saa ni 51.5.

Tazama tena hesabu hiyo. Mwenye shamba asiyeandika angelipa Sh. 2,700, akidhani amelipa haki yote, kwa sababu mtu wake "alikuja siku zake." Sh. 675 zingebaki mfukoni mwake, na mfanyakazi angekwenda nyumbani akijua moyoni kwamba amepunjwa, ingawa hajui ni kwa kiasi gani. Mvua ijayo usishangae akipita mbele ya lango lako akielekea kwa jirani.

MTU WA MSHAHARA WA MWEZI

Wengine wameajiri mtu wa mwezi, kama mchungaji au mtu wa kutunza miti ya matunda. Saa yake ni bei gani? Amri ya jumla yasema bei ya saa kwa ajili ya ziada isiwe chini ya sehemu moja ya 225 ya mshahara wa msingi wa mwezi. Hesabu yake yaelewana: saa 52 mara majuma 52 ya mwaka ni 2,704, na ukigawanya kwa miezi 12 wapata 225 na kidogo.

Mtu wa Sh. 13,500 kwa mwezi, gawanya kwa 225. Saa moja ni Sh. 60. Saa ya ziada ni Sh. 90, na ya siku ya mapumziko ni Sh. 120.

Mtu wa mwezi ana haki nyingine ambayo kibarua wa siku moja hana. Akimaliza miezi 12 mfululizo, apate likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mshahara kamili. Na usidhani kwamba kumwita mtu "kibarua" kutakuepusha siku zote. Sheria yasema kwamba kibarua ni mtu alipwaye mwisho wa siku na ambaye hakuajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Ukiwa naye kwa siku za kazi zinazofuatana hata zikafika mwezi, yeye si kibarua tena, hata ukiendelea kumwita hivyo.

KAZI YA KIPIMO NA KAZI YA KUKAA

Matuta ya fanya juu kwa kawaida hatuyalipii kwa saa. Mtaro huchimbwa kufuata kipimo cha mteremko, udongo ukatupwa upande wa juu, na mchimbaji hulipwa kwa urefu aliochimba. Hiyo ni kazi ya kipimo, na ni njia nzuri, maana mwenye nguvu humaliza mapema akaenda zake. Lakini pima kwa kamba au kwa utepe mbele yake, usipime kwa hatua zako, kwa kuwa hatua za mwenye shamba zina tabia ya kurefuka siku ya malipo. Sema pia kina na upana, si urefu peke yake. Na ikiwa kazi kubwa haijaisha mwezi ukikatika, sheria yataka umlipe kadiri alivyokwisha kuchimba. Usimwambie angoje mpaka mwisho wa shamba.

Kazi ya kukaa ndiyo inayosahauliwa zaidi. Mtama ukianza kukomaa, mtu huwekwa shambani kuamia ndege. Hulala mapema, huamka mapema, na haondoki mpaka ndege walale. Tuhesabu: saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni ni saa 12. Siku sita ni saa 72. Saa 72! Hazifiki tu mpaka wa saa 52, zimeupita kwa saa 20. Na mtu huyu mara nyingi ndiye anayelipwa kidogo kuliko wote, kwa sababu twasema "amekaa tu." Hakukaa tu. Hebu jaribu wewe mwenyewe siku moja kupiga kelele tangu macheo hadi machweo.

Dawa yake ni rahisi. Weka watu wawili wapokezane: mmoja tangu saa 12 asubuhi hadi saa 6, mwingine tangu saa 6 hadi saa 12 jioni. Kila mmoja atakuwa na saa 36 kwa juma, macho yao yatakuwa mapya, na ndege watapata taabu zaidi.

JE, MKULIMA MDOGO ATAWEZA?

Najua wapo watakaosema, "Karani, wewe wakaa ofisini. Mimi nina ekari tano na deni la mbegu. Nitatoa wapi fedha za ziada?" Swali hili ni la haki, na jibu limo katika hesabu yenyewe.

Tuseme kila juma la palizi watu wako wafanya jumla ya saa 10 za ziada. Kwa Sh. 90, hizo ni Sh. 900. Ungemwita mtu mwingine afanye saa hizo 10 kwa bei ya kawaida, ungelipa Sh. 600. Umeokoa Sh. 300, kazi imekwisha mapema, na hakuna aliyelima gizani akakata miche pamoja na magugu. Kumbe bei kubwa ya ziada si adhabu kwa mwenye shamba. Ni ishara ya kumwambia: panga kazi yako mapema. Asiyehesabu saa hawezi kuiona ishara hiyo.

Tazama kalenda pia. Sikukuu ya Mashujaa, tarehe 20 Oktoba, huangukia wakati wa kutayarisha shamba na kupanda. Jamhuri, tarehe 12 Desemba, huangukia palizi. Ukijua mapema, utapanga watu wapumzike siku hizo, au utatenga fedha za malipo ya mara mbili. Ukisahau, utajikuta na deni usilolitarajia.

Tena kumbuka kwamba kwetu hakuna tajiri wa milele. Mvua ikikosa, mwenye shamba wa mwaka jana huchukua jembe akaenda kuomba kibarua kwa mwenye maji. Desturi unayoiweka leo juu ya mtu wako ndiyo utakayoikuta kesho kwa mwingine.

DAFTARI LA SAA

Nunua daftari la shule. Piga mistari, ukapata safu saba: tarehe, saa ya kuanza, mapumziko, saa ya kuacha, saa za kazi, ziada, na sahihi. Kila jioni jaza mstari mmoja kwa kila mtu, naye atie sahihi au alama ya kidole gumba. Usingoje Jumamosi kujaza juma zima kwa kukumbuka, maana kumbukumbu ya mwenye kulipa na ya mwenye kulipwa hazifanani. Mfanyakazi naye awe na kadaftari kake. Siku ya malipo yalinganisheni.

Kazi ya miezi mitatu au zaidi sharti iwe na mapatano ya maandishi. Ikiwa mtu hajui kusoma, au haifahamu lugha iliyotumika, sheria yakutaka uhakikishe ameelezwa kwa lugha aijuayo. Basi msomee kwa Kikamba, neno kwa neno, kisha aweke kidole.

Kuna sababu nyingine ya kuandika, nayo yakuhusu wewe mwenye shamba hasa. Mkifika mbele ya baraza la sheria na wewe huna maandishi ya mapatano, mzigo wa kuthibitisha ni wako, si wake. Hutaweza kusema "yeye ndiye mwongo" ukamaliza. Na madai ya kazi yaweza kuletwa hata baada ya muda, maana sheria yatoa miaka mitatu. Usiyachome madaftari ya zamani kuwashia moto. Maandishi ya masharti ya kazi yenyewe yataka kuwekwa miaka mitano baada ya mtu kuacha kazi.

Wengi siku hizi hulipa kwa M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, mwaka ule ule wa Sheria ya Ajira. Ni njia njema, kwa kuwa ujumbe waonyesha kiasi na tarehe. Lakini ujumbe huo hausemi ni saa ngapi zilizolipwa. Uandike katika daftari pamoja na hesabu yake. Na ukilipa kwa mkono, lipa siku ya kazi, karibu na mahali pa kazi. Usimlipe mtu kilabuni. Sheria yakataza kulipa mshahara mahali panapouzwa pombe, na mama watoto wake atakushukuru.

ZOEZI

Sasa jipime mwenyewe kabla hujasoma jibu. Mfanyakazi amepatana Sh. 560 kwa siku ya saa 8. Juma hili amefanya saa 45 za kawaida, saa 4 za ziada katika siku za kazi, na saa 2 siku ya mapumziko. Alipwe nini?

Jibu: Saa moja ni Sh. 70. Za kawaida, 45 mara 70, ni Sh. 3,150. Za ziada, 4 mara 105, ni Sh. 420. Za siku ya mapumziko, 2 mara 140, ni Sh. 280. Jumla Sh. 3,850.

Uliyepata jibu hilo, umeiweza hesabu yote iliyomo katika ukurasa huu. Uliyekosea, rudia ile ya juma la palizi, fungu kwa fungu, na umwite mtoto wa shule akae karibu nawe. Kisha piga mistari ya daftari kabla ya mvua kuanza, na mtu wako wa kwanza akifika asubuhi, andika saa aliyofika mbele ya macho yake.